Kushusha gari kwa bei rahisi: Rahisi kwa nani?

Katika mitaa yetu ya Dar es Salaam, kuanzia Kinondoni hadi Temeke, si jambo geni kulikuta gari dogo, Toyota IST au Mark X, limekaa chini kiasi kwamba tairi zimejificha ndani ya bodi. Likifika kwenye tuta husimama, likageuka kidogo, kisha likapanda kimshazari kama kaa, na bado tumbo lake hukwaruza lami. Mwenyewe hufurahi. Baadhi ya watazamaji husifu, wengine huguna. Vijana husema gari limeshushwa.

Wapo watakaosema kwamba hili ni suala la mafundi na vijana wao, halina nafasi katika safu inayozungumzia maadili. Sivyo. Mwenye gari hilo, mara nyingi, si tajiri mwenye magari matano. Ni kijana mwenye gari moja. Hilo hilo moja ndilo linalompeleka kazini asubuhi, ndilo linalompeleka mama yake kliniki, ndilo linalowachukua watoto wa dada yake shuleni, na jioni ndilo linalobeba majirani wanne kwenda msibani. Na fedha aliyonayo ya kulirembesha ni ndogo. Basi swali la kujiuliza ni hili: mtu mwenye gari moja la kila siku na mfuko mdogo, ana haki gani ya kulishusha? Na akilishusha kwa njia ya rahisi, hiyo rahisi ni rahisi kwa nani?

Kwanza tutende haki. Kupenda kitu kizuri si kosa. Mwenye nyumba ya udongo huipaka chokaa Idi ikikaribia. Mwenye baiskeli huifunga vioo na maua ya plastiki. Mwenye jahazi hulipaka rangi kutoka tezi hadi omo, ingawa samaki hawajali rangi. Hakuna aliyewaambia watu hawa kwamba uzuri ni wa matajiri peke yao. Aidha, gari la chini lina hoja yake ya kifundi. Uzito ukiwa karibu na ardhi, gari haliegemei sana upande kwenye kona. Ndiyo maana magari ya mashindano ni ya chini. Kwa hiyo wale wanaowaita vijana hawa wahuni kwa sababu tu ya umbo la magari yao, wanahukumu bila ushahidi.

Kosa la kuhukumu hivyo lilishafanywa kwingine. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, vijana wenye asili ya Mexico katika jimbo la California, Marekani, walianza kuyashusha magari yao ya zamani. Wengi hawakuwa na fedha. Wengine waliweka mifuko ya mchanga au saruji kwenye buti ili gari lilale, wengine wakakata springi. Kuanzia mwaka 1958 sheria ya jimbo ikakataza gari ambalo sehemu yake yoyote imeshushwa chini kuliko ukingo wa chini wa rimu zake. Mwaka 1959 mtu mmoja aitwaye Ron Aguirre akafunga mitambo ya haidroliki kwenye Corvette yake, gari likawa linashuka na kupanda kwa matakwa ya dereva, na sheria ikakosa pa kulishika. Vijana hao waliandamwa kwa miongo mingi. Ni mwaka 2023 tu ndipo ilipopitishwa sheria ya kuondoa katazo hilo pamoja na mamlaka ya miji kuzuia misafara yao ya polepole, nayo ikaanza kutumika Januari 1, 2024.

Habari hii ina mafunzo mawili. La kwanza ni hilo la kutomhukumu mtu kwa umbo la gari lake. La pili halitazamwi sana: fahari ya vijana wale ilikuwa kwenda polepole. Gari lilishushwa ili litazamwe likitambaa mtaani siku ya mapumziko, na lile lenye haidroliki liliweza kuinuliwa njia ikiwa mbaya. Gari letu la kila siku halina nafasi hiyo. Jumatatu liko Barabara ya Morogoro likikimbizana na malori, Jumanne liko kwenye mashimo ya uchochoroni, na siku zote mbili lina watu watano ndani. Tukichukua umbo la gari la maonyesho tukalivisha gari la kazi, tumechukua nusu ya jambo na nusu nyingine tumeiacha.

Sasa tutazame kinachofanyika gereji. Njia inayopendwa na wenye mfuko mdogo ni kukata springi. Fundi huitoa springi, akaikata mzunguko mmoja au miwili kwa grenda, akairudisha. Kazi ya mchana mmoja, na gharama ni ujira wa fundi tu. Ipo njia mbaya zaidi, ya kuichoma springi kwa gesi mpaka inyong'onyee na kulala. Chuma cha springi hupata uwezo wake wa kujikunja na kurudi kwa kupashwa moto na kupozwa kwa vipimo kiwandani. Moto wa gesi ukipita juu yake hufuta vipimo hivyo, tena kwa kupendelea, hapa zaidi na pale kidogo. Springi hiyo itaendelea kulala siku hadi siku, au ipo siku itakatika.

Na hii iliyokatwa je? Hebu tupige hesabu ndogo. Springi yenye mizunguko 8 inayofanya kazi, ukikata 2, imebaki na 6, na ugumu wake umeongezeka kwa thuluthi moja. Wapo wanaojifariji kwamba ugumu huo unatosha. Lakini tazama upande wa pili. Tuseme gurudumu lilikuwa na nafasi ya sentimita 8 ya kupanda kabla shokapu halijagonga raba ya mwisho. Ukilishusha gari sentimita 5, zimebaki 3. Yaani ugumu umeongezeka kwa thuluthi, na nafasi imepungua kwa zaidi ya nusu. Hesabu hiyo haijasawazika. Kila shimo la kawaida sasa ni pigo linalofika mpaka kwenye bodi. Isitoshe, springi fupi ndani ya shokapu lenye urefu wake wa zamani hulegea gurudumu linaponing'inia hewani, ikaweza kuhama mahali pake. Ikirudi vibaya huku gari likiwa mwendoni, hakuna anayeweza kusema litaelekea wapi.

Ndugu msomaji, hapa ndipo swali letu linapopata uzito. Nani analipa?

Mwenye gari mwenyewe hulipa, na hilo halina ubishi. Pembe za magurudumu zikibadilika bila kurekebishwa, tairi huliwa upande wa ndani, upande ambao ukisimama kando ya gari huuoni. Mwezi mmoja unaona tairi nzima, mwezi unaofuata nyuzi ziko nje. Shokapu hufa mapema. Fedha iliyookolewa kwa grenda inarudi gereji kidogo kidogo. Wahenga walisema rahisi ghali, nao hawakuwa wamepata kuona springi.

Lakini angekuwa anayelipa ni yeye peke yake, tungemshauri na kumwacha. Wapo wengine. Yupo mama mwenye maumivu ya mgongo aliyeketi kiti cha nyuma, anayepokea kila pigo ambalo springi ingelimeza. Yupo dereva anayekuja mbele usiku: gari lililoshushwa nyuma tu huinua pua, na mwanga wa taa zake humwingia mwenzake machoni. Wapo watembea kwa miguu. Baadhi ya magari, hasa pikapu na magari ya mizigo, yana kifaa kinachopima mzigo kwa kuangalia bodi imelala kiasi gani juu ya ekseli ya nyuma, kisha kikagawa nguvu ya breki. Ukilishusha gari kama hilo bila kukirekebisha, kifaa hudhani limebeba mzigo. Siku ya breki ya ghafla kwenye lami yenye maji, magurudumu ya nyuma hukwama kabla ya ya mbele, na gari likazunguka. Yupo pia mnunuzi wa kesho. Gari huoshwa, likanyanyuliwa kidogo kwa vipande vya raba vilivyopachikwa kwenye springi zile zile zilizokatwa, likauzwa kwa mtu asiyejua kuchungulia chini. Kuficha aibu ya bidhaa tunajua kunaitwaje.

Hakuna hata mmoja kati ya hawa aliyeulizwa. Hiyo ndiyo maana halisi ya rahisi ya namna hii. Gharama haikufutwa, bali imehamishwa kutoka mfuko wa mwenye gari ikawekwa juu ya mgongo wa mtu ambaye hakukubali kuibeba, na wala hajui kwamba ameibeba.

Atasema mwenye gari: ni langu, nimelinunua kwa jasho langu. Kweli ni lake. Lakini mwenye kisima naye kisima ni chake, na bado hana ruhusa ya kutupa uchafu ndani yake ilhali majirani wanachota. Anayepanda gari lako halikagui. Haingii uvunguni kuhesabu mizunguko ya springi. Anafungua mlango, anatoa salamu, anaketi. Kwa kitendo hicho amekukabidhi uhai wake, nao kwako ni amana mpaka ashuke. Mali ni yako, lakini mwili ulioketi ndani ya mali hiyo si wako.

Atasema tena, na hoja hii ndiyo nzito zaidi: mimi ni mtu wa kipato kidogo. Springi fupi zilizotengenezwa kwa kazi hiyo, na shokapu zinazolingana nazo, ni za wenye nazo. Nikisubiri mpaka nizipate, sitashusha gari maisha yangu yote. Je, uzuri ni wa matajiri tu?

La hasha. Lakini tutofautishe mambo mawili. Mfuko mdogo humwondolea mtu mizigo mingi. Hakuna anayemdai zaka fukara, wala anayemlaumu kwa kutokwenda Hija. Lakini mfuko mdogo haujapata kumpa mtu ruhusa ya kupunja mizani. Muuza mchele mwenye gunia moja na muuza mchele mwenye ghala wanapimiwa kwa kilo ile ile. Ufukara ni udhuru wa kukosa, si udhuru wa kuwadhuru wengine. Uzuri ambao mtu anaweza kuukosa bila kupungukiwa na chochote katika utu wake, hauwezi kununuliwa kwa usalama wa watu wasioweza kupungukiwa nao.

Basi afanyeje kijana huyu? Apange, kwani kupanga ni kuchagua. Shilingi ya kwanza iende kwenye tairi, breki, shokapu, bushi na boli jointi, hata kama hakuna atakayezisifu barabarani. Vikishakuwa vizima, aweke akiba. Anunue springi zilizotengenezwa kwa aina ya gari lake na uzito wake, za kulishusha kidogo tu. Kama fedha haitoshi kwa mara moja, anunue kimoja akiweke uvunguni mwa kitanda, mwezi mwingine anunue kingine, wala asifunge nusu ya kazi. Siku ya kufunga, afunge vyote, kisha apime alaimenti na arekebishe taa. Na aache nafasi chini ya gari. Japani, ambako magari yetu mengi yametoka, ukaguzi wa lazima hutaka nafasi isiyopungua sentimita 9, na barabara zao hazina mashimo yetu. Kwetu hata hizo 9 ni chache. Kama akiba hiyo haifiki, asilishushe. Alioshe, alipige rangi, alitunze. Gari safi lililokaa kwenye kimo chake si fedheha. Fedheha ni kuwa kama ule uzuri wa mkakasi, ukipata maji basi.

Neno la mwisho ni kwa fundi. Wapo mafundi wanaosema: mteja ndiye aliyetaka, mimi nafuata fedha yake. Jibu hilo halimtoshi mtu mwenye ujuzi. Mteja hajui kinachotokea springi inapohama, fundi anajua. Mshonaji akikosea, nguo hubana. Wewe ukikosea, au ukijua na kunyamaza, mtu hulala barabarani. Mwambie mteja ukweli kabla ya kuwasha grenda. Akikataa, kazi nyingine zipo.

Na kwa mwenye gari, kipimo ni chepesi na hakihitaji fundi. Kabla ya kumfungulia abiria mlango, jiulize kama unaweza kumwambia waziwazi: springi za gari hili zimefanywa hivi, kwa sababu hii, na nimeokoa shilingi kadhaa. Ukiweza kumwambia, na akakubali kupanda, twendeni. Ukiona ulimi unakuwa mzito, usilipeleke gari barabarani, lirudishe gereji.