Kumwona Mtu na Kumjua Mtu

Wazee walituachia neno lisemalo, Kusikia si kuona. Neno hili ni la kweli, walakini siku zetu zimelidai neno la pili, nalo ni hili: kuona nako si kujua. Zamani mtu uliyemwona kila siku alikuwa jirani yako au ndugu yako, na kumwona na kumjua vilikwenda pamoja kama mguu wa kushoto na wa kulia. Siku hizi twaweza kumwona mtu mmoja kila jioni kwa mwaka mzima, tukajua sauti yake, mwendo wake, kicheko chake na machozi yake, naye asijue hata kama tumezaliwa. Nataka, ndugu wasomaji, tulifikiri jambo hili pamoja. Tumpendapo mwigizaji wa televisheni, twampenda nani? Na siku tutakapokutana naye uso kwa uso, yatupasa kumtendeaje?

Katika nchi nyingine kukutana huko kumekuwa desturi yenye siku zake. Mwezi wa Januari 1972, mjini New York katika Marekani, wapenzi wa mchezo wa televisheni uitwao Star Trek, unaosimulia safari za watu kati ya nyota, waliitana hotelini ili waonane na baadhi ya waliouandaa. Wasimamizi walitazamia watu mamia tu, wakaja maelfu. Tangu hapo mikutano ya namna hiyo imeenea duniani, hata Nairobi imekwisha kufanyika. Mambo yake ni haya. Meza hupangwa katika ukumbi mkubwa, na waigizaji huketi nyuma ya meza. Wapenzi husimama safu ndefu, pengine saa nyingi, na wengine huvaa mavazi ya watu wa mchezo. Zamu ya mtu ikifika hutoa fedha, hutiliwa sahihi juu ya picha, husimama ubavuni mwa mwigizaji wapigwe picha pamoja, husema neno moja au mawili, kisha huombwa apishe wengine. Amengoja tangu asubuhi, naye amepata muda usiotosha kumenya ndizi moja.

Sisi wa Karagwe na Kyerwa hatuna ukumbi wa namna hiyo, lakini jambo lenyewe tunalo. Tamthilia zimeingia nyumbani mwetu kwa televisheni, katika vibanda vya video, na kwa simu za mkononi. Akitokea mwigizaji mashuhuri katika soko la Omurushaka siku ya gulio, muuza maharage ataiacha mizani yake, na watoto watamfuata hata barabarani. Hata mtangazaji wa redio ya FADECO pale Kayanga, ambaye wengi wanaijua sauti yake tu, mtu akionyeshwa uso wake kwa mara ya kwanza husema, Kumbe ndiye huyu! Katika neno hilo "kumbe" imo furaha, na pengine yamo masikitiko kidogo, kwa kuwa sura aliyojiwekea moyoni haikuwa hii.

Wako wasemao kwamba mapenzi haya yote ni upuuzi, kwa maana wampenda mtu asiyekujua. Mimi sikubali upesi hivyo. Tukumbuke habari ya Steven Kanumba, mzaliwa wa Shinyanga, ambaye watu walianza kumjua katika kundi la Kaole, kwenye tamthilia za ITV, kisha katika filamu nyingi. Alifariki Dar es Salaam tarehe 7 Aprili 2012, naye alikuwa na miaka 28 tu. Siku ya maziko yake, tarehe 10, watu walijaa viwanja vya Leaders Club na njia ya kwenda makaburi ya Kinondoni, maelfu kwa maelfu, na wengine walizimia kwa huzuni. Wengi wa hao hawakuwahi kumpa mkono. Je, machozi yao yalikuwa ya uongo? La. Mtu halii machozi ya kweli kwa ajili ya kitu kisichokuwapo. Kitu kilikuwapo: jioni walizoketi pamoja na ndugu zao wakimtazama, mambo aliyowafahamisha juu ya mapenzi na usaliti na umaskini, ujana wao wenyewe uliopita naye. Basi mapenzi yale yalikuwa ya kweli. Lakini yalikuwa nusu, kwa kuwa hayakuwa na njia ya kwenda na kurudi. Swali letu ni hili: nusu hiyo itatimizwaje?

Ili tujibu vema, yafaa tutambue kwamba katika mwigizaji mmoja wamo watatu. Wa kwanza ni yule wa hadithi: mama mkwe mkali, mlevi, mjane aliyedhulumiwa shamba. Wa pili ni fundi, yaani yeye anayejua kazi ya kumfanya yule wa hadithi aonekane yu hai. Wa tatu ni mtu mwenyewe, mwenye mama yake, madeni yake, na jino linalomwuma usiku. Taabu yetu hutoka katika kuwachanganya hawa watatu. Mwigizaji wa watu wabaya akitukanwa njiani, yule fundi ameadhibiwa kwa ajili ya ufundi wake.

Tutazame mfano wa Kenya. Benson Wanjau aliwachekesha watu miaka mingi katika mchezo wa Vitimbi, akiitwa Mzee Ojwang', na Kiswahili chake kilikuwa na lafudhi ya Kijaluo. Watu wakamhesabu kuwa Mjaluo, naye mwenyewe alikuwa Mkikuyu. Vivyo hivyo Leonard Nimoy wa Marekani, aliyecheza Spock katika Star Trek, kiumbe mwenye masikio yaliyochongoka, azuiaye furaha na huzuni zake zisionekane. Mwaka 1975 alitoa kitabu ambacho jina lake lilikana kwamba yeye ni Spock. Miaka 20 baadaye, mwaka 1995, akatoa kingine ambacho jina lake lilikiri kwamba ndiye. Wengine wakadhani amejipinga mwenyewe. Mimi naona yote mawili ni kweli: kazi ile ilikuwa yake, bali yeye hakuwa kazi ile.

Sasa kila mmoja wa watatu hawa ana haki yake kwetu. Yule wa hadithi hutudai fahamu: tumsikilize, tujifunze. Fundi hutudai shukrani na ujira. Hapa wako wanaochukizwa wakisikia kwamba sahihi huuzwa katika mikutano ile, nao husema ni tamaa. Lakini seremala tukimlipa kwa kiti, hatuoni aibu. Kwa nini tuone aibu kumlipa aliyetuchekesha? Aibu ni kununua kazi yake iliyoibwa kwa bei ya karanga, kisha kujigamba kwamba twampenda. Na yule wa tatu, mtu mwenyewe, hutudai heshima tu, ile ile tunayompa mgeni yeyote afikaye mlangoni. Fedha imeweza kununua sahihi na picha, haikumnunua mtu. Aliyelipa hakupata ruhusa ya kumvuta mkono, wala ya kumpiga picha akila, wala ya kumwuliza habari za ndoa yake.

Jambo hili la kumfanya mtu kuwa kioja si geni katika nchi yetu. Mwezi wa Novemba 1861 Waingereza wawili, Speke na Grant, walifika Karagwe kwa Omukama Rumanyika. Siku zile wake wa wakubwa walinenepeshwa kwa maziwa, na unene wao ulikuwa fahari ya nyumba. Speke alimwendea mmoja wao, shemeji yake Omukama, akataka kumpima kwa kipimo. Na ili akubali, aliahidi kumwonyesha naye miguu na mikono yake iliyo wazi, kwa kuwa ngozi nyeupe ilikuwa ajabu. Wakaafikiana, kila mmoja akamtazama mwenziwe kama kioja. Speke akaandika vipimo vyote katika kitabu chake, mkono kadha, kifua kadha, paja kadha, kimo kadha. Vipimo vimo hata leo. Jina la yule mama halimo. Msomaji, lifikiri hilo. Mtu aweza kutazamwa kwa bidii hata akahesabiwa inchi kwa inchi, na asionekane.

Lakini katika habari hiyo hiyo iko njia nyingine. Rumanyika naye alikuwa na hamu ya kuwaona wageni na kuwauliza mambo mengi. Grant akaugua mguu, hakuweza kwenda, na mwezi wa Januari 1862 Speke akamwacha akaelekea Buganda. Omukama akamkalisha mgonjwa yule nchini mwake hata mwezi wa Aprili. Kioja kikawa mgeni, na mgeni akatunzwa. Hamu ya kuona haikuwa kosa. Kosa ni kuishia hapo.

Labda mtu atasema, Rumanyika alikuwa na miezi mitatu, na mimi katika safu ile nitapewa dakika moja. Nitawezaje kumfanya mtu mgeni wangu kwa dakika moja? Namjibu kwa habari aliyoisimulia Nichelle Nichols mwenyewe. Huyu alikuwa mwanamke mweusi wa Marekani, aliyecheza ofisa wa chombo katika Star Trek tangu mwaka 1966. Baada ya muhula wa kwanza alitaka kuiacha kazi ile. Katika hafla moja akaambiwa kwamba yuko mpenzi wake mkubwa ataka kumwona. Akageuka, akamwona Dakta Martin Luther King. King hakutaka sahihi. Alipojua kwamba anataka kuondoka, alimsihi asiondoke, kwa kuwa kwa kazi yake watu weusi walionekana kama wapasavyo kuonekana, wenye akili na cheo sawa na wengine. Naye akabaki. Baadaye, tangu mwaka 1977, alisaidia shirika la anga la Marekani kuwatafuta wanawake na watu weusi wawe warushwa anga. Maongezi yale hayakuwa marefu. Lakini aliyekuja kuonana naye alikuwa amefikiri kazi ya yule mama ina maana gani, akamletea neno la kumtia nguvu. Alikuja na kitu mkononi, kama mgeni wa desturi yetu asiyefika mikono mitupu.

Na wale wasiopata hata dakika moja wanayo njia yao. Mwaka 1012 wa hadithi haukumbukwi na mtu, bali mwaka 2012 Wakenya wengi waukumbuka, kwa kuwa macho ya yule Mzee Ojwang' yalikuwa yakififia, nao wakachanga fedha atibiwe. Wengi waliochanga hawakumwona uso kwa uso hata alipofariki mwezi wa Julai 2015. Walikuwa wamecheka naye miaka mingi. Siku ile walimtambua yule wa tatu, mzee Benson mwenye macho mabovu. Hao nawaambia walikutana naye, kuliko yule aliyemshika bega njiani akapiga picha akaenda zake.

Liko neno moja zaidi, nalo latuhusu sote, hata asiyekuwa na televisheni. Tutazamapo tamthilia twamkazia macho mama maskini saa nzima. Hatumkatizi maneno. Twafahamu kwa nini alisema uongo, twamhurumia hata akikosa. Kisha twazima televisheni, na mama mwenye habari hiyo hiyo apita njiani na mzigo wa kuni, nasi hatuna nafasi ya kumsikiliza nusu ya saa. Tena kosa lake moja tumekwisha kulitangaza kisimani. Sisemi tuwapunguzie waigizaji mapenzi ili tuwape majirani, kwa kuwa mapenzi si gunia la kahawa, ukitoa debe lapungua. Nasema kwamba mwigizaji hodari ametufundisha namna ya kumtazama mtu kwa saburi. Ni hasara kujifunza ufundi huo jioni na kuusahau asubuhi.

Basi, kijana wa Nkwenda au wa Nyaishozi, ukijaliwa siku moja kuonana na yule umpendaye, usiogope wala usione haya. Hamu yako si upuuzi. Msalimu kwanza, kama umsalimuvyo mtu mzima. Mwite kwa jina lake mwenyewe, si lile la mchezo. Mwambie kazi yake moja iliyokufaa, na ilikufaa kwa nini. Kisha mpishe njia, maana naye ana safari yake. Picha ukiipata, vema. Ukiikosa, hukupotewa na jambo kubwa. Mgeni njoo, mwenyeji apone, walisema wazee. Nasi tuongeze kwamba mgeni naye yafaa apone, aondoke kwetu akiwa mzima, hakunyang'anywa utu wake kwa sababu ya kupendwa.