Mlenga Shabaha na Haya ya Kujifunza



Usiku mmoja katika darasa yetu, somo limekwisha na watu wanatafuta viatu vyao, kijana mmoja alitusimulia khabari za walenga shabaha wa Marekani. Alisema wako watu huko waliojipatia nishani ya juu kabisa kwa bunduki, kisha wakaipata kwa bastola, kisha wakaipata ya tatu katika mashindano ya kimataifa, na mtu wa namna hiyo huitwa aliyepambanuka mara tatu. Kijana aliyasimulia haya kwa mastaajabu. Mzee wetu mmoja, ambaye si mtu wa maneno mengi, akamtazama akasema: "Ametoboa karatasi, akatoboa tena, akatoboa tena. Wamsifia nini, mwanangu?" Watu wakacheka, na darasa ikavunjika.

Mimi nilikwenda zangu nyumbani na neno lile halikunitoka. Kwani swali la mzee si la mzaha. Yatupasa kujua kinachosifiwa ni nini hasa, mtu anapopewa heshima ya juu katika fani moja, kisha katika ya pili, kisha katika ya tatu.

Kwanza tuliondoe lisilokuwapo. Mzee hakukusudia kwamba kulenga shabaha ni lahau. Yeye mwenyewe ndiye aliyetusomesha mlango wa mashindano katika fiqhi, na ndiye aliyetufahamisha kwamba Mtume (s.a.w.) alipokataza kushindania mali alivua mambo matatu: mshale, ngamia na farasi. Ndiye pia aliyetusomea riwaya ya Uqba bin Amir, kwamba Mtume akiwa juu ya mimbari aliifasiri nguvu kuwa ni kulenga, akalikariri neno hilo. Basi zawadi ya mlenga shabaha haina aibu katika dini yetu. Alilouliza mzee ni thamani yake, si uhalali wake.

Sasa tuitazame nishani yenyewe inavyopatikana. Jeshi la Marekani lilianza kuwatenga walenga shabaha wake bora kwa bunduki mwaka 1884, na kwa bastola mwaka 1903. Ile ya mashindano ya kimataifa ikafuata mwanzoni mwa miaka ya 1960. Siku hizi raia nao huzipata. Haipatikani kwa siku moja. Kwa bunduki na kwa bastola mtu hutakiwa kukusanya nukta 30, na shindano moja halimpi zaidi ya 10, aghalabu humpa 8 au 6, na hizo nazo hupewa wale wa mbele tu, kiasi cha mtu mmoja katika kila kumi. Kwa hivyo hata aliye hodari hana budi kuonekana hodari mara kadhaa, mbele ya mashahidi mbalimbali, katika pepo na jua la siku mbalimbali. Wengine huchukua miaka mingi. Napenda kanuni hii, kwani sisi mara nyingi humpa mtu jina kubwa kwa khutba moja aliyoitoa vizuri.

Lakini kuna jambo jingine katika kanuni hiyo, na ndilo lililonikalisha macho. Wale wa mbele wanaohesabiwa huhesabiwa miongoni mwa wasiokuwa nayo bado nishani ya fani ile. Yule bwana mkubwa wa bunduki, ambaye kwenye uwanja wake vijana humpisha njia, siku anaposhika bastola huandikwa pamoja na walioanza mwaka jana. Nishani yake ya bunduki haimpi hata nukta moja. Hubaki kifuani pake, na mkononi hana kitu.

Tena si kwamba hana kitu tu. Alicho nacho huweza kumdhuru. Mlenga shabaha kwa bunduki hufunzwa utulivu: hulala kifudifudi, au hupiga goti, au husimama, akaituliza pumzi, akakibana kifyatulio polepole hata bunduki ikalia kama iliyomshitua mwenyewe. Katika mita 50 ile duara ya kumi ina upana wa milimita 10 na kitu kidogo, chini ya upana wa ukucha wa kidole gumba. Mchukue mtu huyu umpe bunduki ya marisau, umrushie visahani vya udongo angani. Kisahani kina upana usiozidi kiganja, nacho hukimbia mbio za gari barabarani. Hapa anayetulia amekosa. Kasiba haina budi kuendelea kukifuata kisahani hata baada ya mlio, na akiisimamisha kidogo tu, kama alivyozoea, marisau hupita nyuma. Ama bastola ya upesi katika mita 25, huko mtu ana shabaha tano mbele yake na risasi tano, na muda wake ni sekunde 8, kisha 6, kisha 4. Utulivu ule uliompa jina lake katika fani ya kwanza huwa ni taksiri katika fani ya pili.

Huenda mtu akatujibu kwa methali yetu kwamba mshika mbili moja humponyoka. Ni kweli, na wapo waliogusa kila kitu wasikijue hata kimoja. Lakini hatusemi juu ya mtu aliyeshika mbili pamoja. Tunasema juu ya mtu aliyeishika moja akaihitimu, kisha akaiweka chini kwa hiari yake akaenda kuwa mjinga mahali pengine. Kitendo hiki cha kuiweka chini ndicho adimu.

Yuko mmoja aliyelazimishwa na kadari. Károly Takács alikuwa sajini katika jeshi la Hungary, na hodari wa bastola. Mwaka 1936 alizuiliwa kwenda kwenye Michezo ya Olimpiki kwa kuwa nafasi zile ziliwekewa maofisa, naye si ofisa. Mwaka 1938 bomu la mkono liliripuka katika mazoezi likaharibu mkono wake wa kulia, mkono aliolengea. Alikaa hospitali mwezi mzima, kisha akaanza kujifunza kwa mkono wa kushoto, faraghani, asimwambie mtu. Mwaka 1939 alitokea kwenye mashindano ya taifa. Wenziwe walimjia kumpa pole, wakidhani amekuja kutazama. Naye akashindana akawashinda. Vita vikaifuta Michezo ya 1940 na ya 1944. Mwaka 1948 huko London, akiwa na miaka 38, alitwaa nishani ya dhahabu kwa nukta 580, kiasi kisichopata kufikiwa na mtu kabla yake, na mwaka 1952 huko Helsinki akaitwaa tena.

Husimuliwa kwamba huko London bingwa wa dunia wa wakati ule, Díaz Sáenz Valiente wa Argentina, alimwona akamuuliza kwa mshangao amekuja kufanya nini, naye akajibu kuwa amekuja kujifunza. Baada ya mashindano yule wa Argentina, aliyepata nishani ya fedha, akamwambia kwamba sasa amekwisha jifunza vya kutosha. Wengi huisimulia hadithi hii kwa ajili ya kichekesho chake. Mimi naona jibu la Takács lilikuwa kweli tupu. Kwa muda wa miaka kumi mkono wake wa kushoto ulikuwa mwanafunzi, na yeye hakuona haya kuwa mwanafunzi wa mkono wake mwenyewe.

Mwingine alikwenda kwa hiari, naye ni wa karibu nasi zaidi, ng'ambo ya bahari hii yetu, pale majahazi ya pwani yetu yalipokuwa yakienda na kurudi kwa kaskazi na kusi. Sheikh Ahmed bin Mohammad bin Hasher Al Maktoum wa Dubai hakuingia katika mashindano ya bunduki mpaka alipokuwa amepindukia miaka thelathini. Kabla ya hapo mchezo wake ulikuwa skwoshi. Mwaka 2004 huko Athens, akiwa na miaka 40, alishindana katika fani mbili za visahani. Katika ya kwanza, ambayo kisahani hurushwa kimoja, akawa wa nne, nishani ikampita kwa nafasi moja. Siku chache baadaye akaingia katika ile ya visahani viwili kwa pamoja, akatwaa dhahabu, na hiyo ikawa nishani ya kwanza ya Olimpiki kwa Falme za Kiarabu. Kisha akafanya jambo ambalo kwangu mimi lashinda nishani. Alimfundisha kijana wa Kiingereza, Peter Wilson, bila ya malipo kwa ilivyotangazwa wakati ule, na mwaka 2012 huko London kijana yule akaitwaa dhahabu ya fani ile ile. Mtu aliyejifunza ukubwani hukumbuka jinsi kutojua kunavyouma, na hapana shaka hilo humsaidia mwalimu kuwa na subira.

Walakini tusimpe mlenga shabaha zaidi ya haki yake. Nishani haisemi kwamba mwenye nayo ni mwadilifu. Haisemi anawatendeaje watu wa nyumbani kwake, wala silaha ile akipewa siku ya ghadhabu ataielekeza wapi. Hapo mzee wetu alikuwa na haki, kwani karatasi ni karatasi. Tena yawezekana mtu akaanza upya mara tatu kwa kiburi kile kile, akikusanya nishani kama mwenye kukusanya vikombe vya kabati. Niya haionekani kwenye shabaha. Tulionalo ni kwamba alikubali kusimama mstari wa nyuma, na kwa mtu mwenye jina jambo hilo lina gharama. Imam al-Ghazali, katika kitabu chake cha Ihya, alipozitaja sababu za kiburi aliitanguliza ilimu mbele ya nasaba, uzuri na mali. Nilikuwa nikilisomesha hilo kwa miaka mingi, na kila nikilisomesha nikiwafikiria watu wengine.

Sasa niseme kwa nini neno la mzee halikunitoka. Mwaka jana ilionekana hesabu za madrasa yetu haziwezi tena kuandikwa kwa mkono, ila ziingizwe katika kompyuta. Nami ndiye mwenye kuziweka. Kulikuwa na darasa ya usiku mtaani, na mwalimu wake ni kijana niliyemfundisha alifu kwa kijiti. Nilikwenda. Nilikaa baina ya watoto wa miaka kumi na miwili, nikitafuta herufi moja moja kwa kidole kimoja, nao wamekwisha wanangoja. Usiku wa tatu mtoto mmoja alinyoosha mkono akanibonyezea, kwa adabu kabisa, akasema: "Ni hii hapa, Maalim." Hakuna aliyecheka. Na ingekuwa nafuu wangecheka. Sikurudi tena. Watu waliponiuliza nilisema macho yananiuma, na macho yangu hayana kitu.

Hesabu zile sasa huandikwa na mtu mwingine, nami hutia sahihi nisichoweza kukisoma. Wazazi hutoa ada zao kwa kuwa jina langu liko chini ya karatasi.

Nilimwendea mzee nikamweleza yote haya, na khabari za Takács na za yule sheikh wa Dubai. Alinyamaza kitambo, akizungusha tasbihi yake. Kisha akaniuliza darasa ile ya usiku huanza saa ngapi. Nikamwambia, baada ya Isha. Akasema yeye naye angependa kujua kuwaandikia wajukuu wake walioko Maskati, kwani wao hawasomi khati yake, na kwamba nikipita mlangoni kwake nimgongee.