Je, Uwongo Waweza Kuitumikia Haki?

Swali hili halikuzuka kitabuni. Lilizuka katika mkahawa mmoja mjini Lodwar, tulipokuwa safarini kwenda Kakuma, mimi na vijana watatu wa darsa letu. Tulikuwa tumekwisha swali Isha, twangoja chakula, na televisheni ya mwenye mkahawa yaonyesha mchezo wa polisi na mahkama. Haukuwa ule wa Vioja Mahakamani, ambao Wakenya wameucheka kwa miaka mingi. Huu ulikuwa wa kigeni, wala haukuwa na kicheko. Inspekta ana yakini kwamba fulani ameua, lakini hana shahidi. Basi amwendea maskini mmoja, amfundisha maneno, na maskini yule asimama mbele ya hakimu na kuapa kwamba aliona lile asiloliona. Muuaji akafungwa, na watu mkahawani wakapiga makofi.

Kijana mmoja akaniuliza: "Sheikh, ikiwa yule ameua kweli, uwongo wa shahidi umemdhuru nani?"

Nikamwambia, "Mwanangu, mji huu tulioketi una jawabu lake."

Mwaka 1952 serikali ya Kiingereza ilimshika Jomo Kenyatta pamoja na wenzake watano, Bildad Kaggia, Fred Kubai, Kung'u Karumba, Paul Ngei na Achieng' Oneko, wakashitakiwa huko Kapenguria kwamba wao ndio waendeshao Mau Mau. Shahidi aliyetegemewa sana juu ya Kenyatta alikuwa Rawson Macharia, aliyeapa kwamba Machi 1950 alimwona akiwalisha watu kiapo. Upande wa utetezi ulileta mashahidi 10 kulipinga neno hilo. Hakimu Ransley Thacker akawakadhibisha wote 10, akamsadiki mmoja. Tarehe 8 Aprili 1953 wakahukumiwa miaka 7 na kazi ngumu, wakatiwa Lokitaung, kaskazini ya Turkana hii hii. Oneko alishinda rufani, na bado hakuachiliwa. Kifungo cha Kenyatta kilipokwisha Aprili 1959 hakurudishwa kwao. Aliletwa hapa Lodwar, penye joto na mchanga, akae chini ya amri ya serikali. Hakuwa huru mpaka Agosti 1961.

Sasa zingatia. Wakubwa wengi katika serikali ya Gavana Evelyn Baring hawakuwa na shaka kwamba wamemshika mwenye makosa. Yakini yao ilikuwa kama ya yule inspekta wa televisheni, wala haikupungua hata chembe. Lakini wanahistoria walioichungua kesi ile baadaye wamekuta kwamba Kenyatta hakuwa kiongozi wa Mau Mau. Basi ile yakini ilikuwa dhana. Na shahidi amewekwa kwa ajili ya nini, kama si kuipima dhana ya mwenye nguvu? Ikiwa mwenye nguvu ndiye amtungiaye shahidi maneno, hapana kipimo tena. Mahkama yamrudishia sauti yake mwenyewe, naye adhani amesikia ushahidi. Katika mchezo wa televisheni mtunzi amekwisha tuonyesha muuaji akiua, ndiyo sababu twapiga makofi. Duniani hapana atuonyeshaye.

Mwaka 1958 Macharia akaapa hati kwamba ushahidi wake ulikuwa wa uwongo, naye aliahidiwa malipo kwao. Ahadi ya kupelekwa Uingereza kusoma ilitokea hadharani. Na je, alishitakiwa kwa kudanganya Kapenguria? La. Alishitakiwa kwa ile hati, kwamba ndiyo ya uwongo, akafungwa! Aliposema neno walilolitaka alitunzwa. Alipolirudisha akatiwa gerezani. Wanazuoni wetu wa Kishafii wana mlango mzima juu ya shahidi arejeaye katika ushahidi wake, na Imamu Nawawi ameutaja katika Minhaj. Ikiwa mtu ameuawa kwa neno la mashahidi, kisha wakakiri kwamba walikusudia uwongo, wao ndio wapasiwao na kisasi. Maana yake ni kwamba ulimi umehesabiwa kuwa ni mkono. Lakini miaka iliyokwisha kuliwa gerezani hakuna fakihi awezaye kuirudisha.

Wala tusijione kwamba haya ni ya Wazungu peke yao. Ni mara ngapi katika miji yetu ya pwani mtu husimama katika kesi ya shamba, akaapa kwamba alimwona babu wa fulani akipanda minazi ile, na minazi yenyewe imemzidi yeye umri? Akiulizwa husema, "Ni jamaa yangu, na haki najua ni yake."

Kesho yake tulifika Kakuma, mwendo wa kiasi cha kilomita 120. Kambi ile ya wakimbizi ilifunguliwa 1992, na wamo waliozaliwa humo na sasa wana watoto. Huko ushahidi ni riziki: mtu hueleza habari zake mbele ya maafisa, na kwa maelezo hayo huenda akapata nchi, au asipate. Mtu mmoja, baba wa watoto, alinijia faragha. Alikuwa amemlea yatima wa jirani tangu utotoni, naye alitaka kuapa kwamba ni mwana wa nduguye, asije akaachwa nyuma. Akataka fatwa.

Nakiri kwamba hapa nilinyamaza kitambo. Uwongo wa Kapenguria ulikuwa wa ujira; huu ni wa huruma. Lakini nafasi zile ni chache, na yuko mtu mwingine katika safu ile asemaye kweli, ambaye sisi hatumwoni. Tena afisa akimkamata mwongo mmoja, wakweli 10 watakaofuata atawasikiliza kwa shaka. Nikamwambia aseme lililo kweli: kwamba mtoto si wa damu yake, na kwamba amemlea kwa mikono yake, na majirani waje washuhudie hilo waliloliona.

Akaniuliza, "Na wasipokubali, Sheikh?"

Sikuwa na la kumwambia ila kwamba nitasimama naye kuandika ombi jingine. Hakufurahi, wala mimi sikufurahi. Yule kijana wa mkahawani alikuwa amekaa kando akitusikiliza. Akachukua kalamu, akamwuliza yule baba jina la mtoto.