Amana Iliyo Nyuma ya Urembo wa Gari

Urembo wa nje wa gari, yaani mikanda ya milango, shoo, nembo na plastiki zinazozunguka madigadi, hushikiliwa na klipu zinazoingia kwenye matundu ya bodi, na tepu yenye gundi pande mbili, au na skrubu zilizofichwa. Gari linapopigwa rangi upya, vitu hivi vyapaswa kutolewa kwanza. Fundi anayekwepa tabu huvifunika kwa karatasi na tepu, kisha akapuliza rangi. Siku ya kukabidhi gari, kazi hizo mbili hufanana. Tofauti huja baadaye, rangi inapoanza kubanduka pale ilipoishia tepu, au kutu inapotambaa kutoka kwenye tundu la klipu lililoachwa likiwa na unyevu na vumbi. Hapo linazuka swali la kale la maadili: fundi anadaiwa nini mahali ambapo mwenye gari hatapaona?

Katika kitabu chake cha Jamhuri, Plato anamleta Glaucon akisimulia habari za mchungaji wa Lydia aliyepata pete ya kumfanya asionekane, akaitumia kumuua mfalme na kutwaa ufalme. Glaucon anadai kwamba mwenye haki na dhalimu wakivaa pete hiyo watatenda sawasawa. Fundi aliyekwisha kung'oa mkanda wa mlango anayo pete hiyo, ila yeye hakuiokota. Amepewa na mteja mwenyewe, siku alipomwachia ufunguo na kwenda zake. Kinachomficha fundi ni imani ya mtu mwingine, na kwa hiyo uzembe wake hapo ni mzito kuliko uzembe wa kawaida: anaharibu kazi, na pia anakila kile kilichomwezesha kuipata.

Wanazuoni wa fikihi, yaani sheria ya Kiislamu, hawakuliacha jambo hili mikononi mwa dhamiri peke yake. Walijadili kwa kina dhima ya fundi anayefanyia kazi watu wengi kwa ujira, na mjadala wao unaigusa klipu moja kwa moja. Plastiki iliyopigwa jua kwa miaka hukakamaa. Hata anayetumia kabari ya plastiki badala ya bisibisi, akaipasha gundi moto taratibu mpaka ilegee, aweza kuivunja. Nani alipe? Mfano wa Mahanafi ni dobi anayepiga nguo ikachanika. Abu Hanifa na wanafunzi wake wawili mashuhuri, Abu Yusuf na Muhammad al-Shaybani, walisema atalipa, kwa kuwa idhini aliyopewa ni ya kutengeneza, si ya kuharibu. Mwanafunzi mwingine, Zufar, aliwapinga: kupiga nguo kuliruhusiwa, basi kinachozaliwa na kupiga hakina fidia.

Kauli yenye nguvu katika madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na Wasuni walio wengi wa pwani ya Afrika Mashariki, ni kwamba fundi halipi mpaka avuke mpaka au azembee. Lakini Rabii bin Suleiman, mwanafunzi wa Imam Shafi, amepokea kwamba mwalimu wake alikuwa na rai hiyo bila kuitangaza, kwa kuchelea mafundi waovu. Aliona haki iko upande wa fundi, na papo hapo akajua kuwa maneno yake yangegeuzwa kichaka cha kujifichia.

Kwa klipu iliyovunjika katika mikono yenye uangalifu, rai ya Zufar ndiyo yenye insafu zaidi, kwa sharti moja: fundi aseme. Kuvunjika si hiyana. Hiyana ni kunyamaza, kisha kuugandisha mkanda kwa gundi kali ili usicheze. Mkanda huo utashika, pengine kuliko mwanzo, na mwenye gari hatagundua lolote. Hasara yake imeahirishwa tu. Mlango ukibonyea mwaka unaofuata, fundi mwingine atauvuta mkanda, nao utakatika au utaondoka na rangi. Huyo wa pili, na mnunuzi wa baadaye, hawakuwamo katika mapatano ya kwanza, na bado wana haki ndani yake.

Katika Sahihi Muslim imepokewa kwamba Mtume alitia mkono katika rundo la chakula sokoni, akakuta chini kumelowa. Muuzaji alisema ni mvua. Hakulaumiwa kwa mvua. Alilaumiwa kwa kutouweka unyevu juu, watu wauone. Gundi nyuma ya mkanda ni unyevu uliowekwa chini.

Kurudisha urembo nako kuna amana yake. Gundi ya zamani huondolewa yote, bodi ikafutwa kwa spiriti na kukauka, ndipo tepu mpya ikandamizwe. Tepu hiyo huhitaji takriban siku nzima kufikia sehemu kubwa ya nguvu yake, na gari likioshwa kwa presha jioni ileile, maji hupenya pembeni. Mteja ana haraka na fundi anasubiriwa na gari jingine. Kumwambia asilioshe ni sehemu ya kazi aliyolipwa.

Ikiwa mteja alitaka kazi ya bei ndogo, akaelezwa kwamba urembo hautatolewa na rangi huenda ikabanduka, akaridhia, basi kufunika kwa karatasi si udanganyifu. Ridhaa hiyo, hata hivyo, inamhusu yeye tu. Akiliuza gari, wajibu wa kumweleza mnunuzi unamwangukia yeye.