Amana ya Mwenye Kuongoza Mazungumzo

Ndugu wasomaji, wengi hudhani kuwa kazi ya mwenye kuongoza baraza ni kutazama saa na kutaja majina ya wasemaji. La, hasha. Kiti kile ni amana, na mwenye kukikalia ataulizwa. Basi je, uadilifu wake ni kuwapa wote dakika sawasawa, au kuna zaidi ya hayo?

Na tukitazame kisa cha Olenguruone, kwenye milima ya Mau, upande wa Nakuru. Mwaka 1941 serikali ya kikoloni ilianza kuwaweka hapo Wakikuyu, wengi wao wakiwa wameondolewa katika nchi ya Wamasai. Wao waliiona ardhi ile kuwa ni yao, badala ya ile waliyonyang'anywa kwao. Serikali iliwahesabu kuwa ni wapangaji, wa kuamrishwa namna ya kulima na nani arithi, ikawataka watie saini masharti. Hilo lililokuwa asili ya ugomvi, yaani ardhi ni ya nani, serikali haikukubali liwe swali. Wakakataa, wakala kiapo cha umoja, wake kwa waume. Na kufikia mwaka 1950 wakawa wamekwisha kuhamishwa kwa nguvu.

Funzo la kwanza ni hili: mashauri ambayo hukumu yake imekwisha kukatwa si mashauri, ni tangazo. Mwenyezi Mungu amewasifu wenye kushauriana, hakuwasifu wenye kuigiza kushauriana.

La pili: Sayyidna Umar alimuusia Abu Musa al-Ash'ari awasawazishe watu katika uso wake na kikao chake, asije mnyonge akakata tamaa ya haki. Dakika tano za mzoefu wa kuhutubu si sawa na dakika tano za mjane asiyepata kusimama mbele za watu. Mtu atasema: "Ukimsaidia mnyonge, umekwisha kuelemea upande." Sivyo. Kumsaidia asikiwe si kumsaidia ashinde.

La tatu: baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, damu ilimwagika Bonde la Ufa, na sehemu za Molo na Kuresoi zikiwamo. Kofi Annan alipoongoza mazungumzo aliyapanga mambo kwa daraja: kwanza mauaji yakome, na suala la ardhi halikufichwa, liliwekwa katika fungu la nne. Kisha akawachukua wajumbe hadi Kilaguni, Tsavo, mbali na waandishi wa habari. Kwani mtu atazamwaye na wafuasi wake huwasemea wao, hasemi na mwenziwe. Tarehe 28 Februari 2008 mapatano yakatiwa saini.

Basi wewe uongozaye kamati ya msikiti, au suluhu ya ndugu waliogombania mirathi, usijipime kwa utulivu wa kikao. Kimya chaweza kuwa ni cha walioridhika, na chaweza kuwa ni cha waliokata tamaa. Jiulize: ni nani aliyerudi nyumbani na neno lake tumboni? Huyo ndiye atakayekudai.

Wabillahi tawfiq.