Je, Huzuni Yaweza Kuwa Burudani?

Je, ni halali mtu kuichukua huzuni, akaitia katika santuri na kuiuza, na wengine wakainunua ili wajiburudishe nayo? Swali hili hunijia kila nisikiapo albamu iitwayo Gothic, iliyotolewa mwaka 1991 na kundi la Kiingereza liitwalo Paradise Lost. Kama msomaji anashangaa mzee wa umri wangu kusikiliza hevi metali, asishangae sana. Mwalimu husoma hata daftari lenye mwandiko mbaya.

Kundi hilo lilianzishwa mwaka 1988 katika mji wa Halifax, kaskazini mwa Uingereza, mji uliojulikana kwa viwanda vya sufu na mazulia. Jina lao wamelitoa katika utenzi wa John Milton wa mwaka 1667, unaohusu kufukuzwa kwa binadamu katika bustani ya Edeni. Walikuwa vijana watano wenye umri wa miaka ishirini hivi. Wenzao wa deth metali aghalabu walishindana kwa kasi. Wao walipunguza mwendo, kama Black Sabbath wa Birmingham walivyokwisha kufanya tangu mwaka 1970. Gitaa la Gregor Mackintosh likaachwa liomboleze juu ya mngurumo wa sauti ya Nick Holmes, kisha zikaongezwa sauti nyororo ya mwanamke na vyombo vya okestra. Jina la albamu likaja kuwa jina la tawi zima la muziki: gothiki metali.

Wapo wasemao kwamba muziki wa namna hii huwafundisha vijana kukata tamaa. Hoja hiyo si ya kupuuzwa. Maneno yake ni ya giza, na wapo vijana ambao giza haliwafai. Lakini huzuni ni jambo moja na kukata tamaa ni jingine. Aliyekata tamaa hafanyi mazoezi. Haoni sababu ya kurudia kipande kimoja mara kumi, wala ya kumngoja mwenziwe ili wapige pamoja. Na mwendo wa polepole ni mgumu, kwani kosa halina pa kujificha. Watu watano waliokubaliana kubeba mzigo mmoja kwa hatua moja hawajakata tamaa, hata kama wanaimba mauti.

Tena kuna suala la kipimo. Albamu hiyo huchukua dakika 40 hivi, kisha hukoma. Wazee wetu nao waliweka matanga, na wakaweka siku ya kuanua matanga. Hawakumkataza mfiwa kulia. Walikipa kilio chake nafasi, watu na mwisho. Sisi tuliosoma ndio tumwambiao mtoto aliyefiwa, "Jikaze, mwanamume halii," kisha twashangaa anyamazapo miaka na miaka. Mficha maradhi kifo humuumbua.

Hata hivyo, santuri si matanga kamili. Haimpikii mfiwa uji, wala haimwulizi kama amelala. Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukimkuta mwanao amejifungia chumbani na muziki kama huu, usianze kwa kuuzima. Omba nafasi, keti, usikilize naye mpaka mwisho. Utakapokoma, zamu ya kuzungumza naye itakuwa yako.