Sahihi Iliyokosekana Moscow

Tarehe 26 Agosti 1968, ndani ya Kremlin, viongozi wa Chekoslovakia waliwekewa mezani waraka wa kukubali mambo mazito: majeshi ya kigeni yabaki nchini mwao hadi hali itakapotengemaa, magazeti yadhibitiwe upya, na mkutano mkuu wa dharura wa chama chao uhesabiwe batili. Wote walitia sahihi isipokuwa František Kriegel, daktari aliyewahi kutibu majeruhi wa vita vya Hispania na vya China. Wasovieti hawakutaka arudi nyumbani. Wenzake ndio walioshikilia kwamba hawaondoki bila yeye.

Je, waliosaini walikuwa wasaliti?

Kuwahukumu haraka si haki. Tangu Januari mwaka ule Alexander Dubček, kiongozi wa chama, alikuwa amelegeza kamba. Udhibiti wa magazeti ulifutwa, na watu wakaandika waziwazi juu ya kesi za kubambikiza za miaka ya 1950. Dubček hakutangaza kuuacha ukomunisti wala kujitoa katika Mkataba wa Warsaw. Alitaka tu ujamaa wenye utu. Kwa Moscow, hata hayo yalizidi. Usiku wa kuamkia 21 Agosti vifaru viliingia, na kabla mwaka haujaisha raia zaidi ya mia moja walikuwa wameuawa. Dubček mwenyewe alikamatwa ofisini kwa mtutu wa bunduki, akasafirishwa kama mfungwa. Aliporudi na kuhutubia taifa redioni, sauti ilimkatika, akawa ananyamaza katikati ya sentensi.

Kuhusu kukubali kwa kulazimishwa, aliyepitia madrasa atakumbuka kisa cha Ammar bin Yasir. Aliteswa Makka mpaka akatamka maneno ya kukufuru, kisha akamwendea Mtume akilia. Akaulizwa moyo wake uko vipi. Akajibu kuwa umetulia katika imani. Aya ya 106 ya Sura An-Nahl inamtoa lawamani aliyelazimishwa namna hiyo. Mama yake, Sumayya, alikataa katakata na akauawa, naye anatajwa kuwa shahidi wa kwanza wa Uislamu. Basi wanachuoni wakaruhusu udhuru wa Ammar bila kushusha daraja ya Sumayya. Ila waliweka mpaka: kulazimishwa hakumhalalishii mtu kumuua mwenzake ili aiokoe roho yake mwenyewe.

Mpaka huo unamgusa Dubček kuliko inavyodhaniwa. Ammar alisema maneno yaliyomhusu yeye tu. Dubček alisaini kwa niaba ya watu milioni 14. Anaweza kujitetea kwamba aliwaepusha na umwagaji damu, na utetezi huo si wa kupuuzwa. Kwa sahihi ya Moscow, basi, asamehewe.

Tatizo ni sahihi ya pili. Agosti 1969, Dubček akiwa ameshaondolewa kwenye uongozi wa chama na kubaki mwenyekiti wa bunge, watu waliandamana kukumbuka mwaka mmodi wa uvamizi. Tarehe 22 mwezi huo sheria ilitolewa ikiwa na jina lake chini yake: waandamanaji waliweza kuwekwa kizuizini wiki tatu, wafanyakazi kufutwa kazi, wanafunzi kufukuzwa masomoni. Wananchi waliibandika jina la sheria ya rungu. Safari hii hapakuwa na bunduki kifuani pake. Mapema mwezi huohuo mwandishi Václav Havel alikuwa amemwandikia barua akimsihi asiyakane ya 1968, hata kama kukataa kwake kusingebadili chochote.

Kriegel, kwa upande wake, alirudia kukataa. Oktoba 1968 alikuwa mmoja wa wabunge wanne tu waliopinga mkataba wa kuyaweka majeshi ya Kisovieti nchini “kwa muda”. Alifukuzwa chamani, akatia sahihi Hati ya 77, tamko la kudai haki za binadamu, akafariki mwaka 1979. Desemba 1989 Dubček alichaguliwa tena kukalia kiti kilekile cha bunge, akishangiliwa. Majeshi ya muda yaliondoka mwaka 1991.